Miliampea Thelathini na Nane

Sipendi spika iliyoandikwa nguvu yake ubavuni. Kila duka jipya linapofunguliwa Nchiru huwekwa mlangoni masanduku mawili meusi marefu kama kabati la nguo, na ubavuni pameandikwa wati elfu tano. Nimeyafungua mengi. Ndani huwa nakuta transfoma ya ukubwa wa andazi, na transfoma ya ukubwa huo haitoi wati elfu tano hata ikiombewa na kuwekewa mikono. Lakini watu husimama mbele yake wakitikisa kichwa kwa heshima, kwa sababu kifua kinagonga na sikio linauma, na kwao hiyo ndiyo sauti nzuri.

Nimefundisha elektroniki katika chuo cha ufundi hapa Nchiru kwa miaka mingi, na karakana yangu iko nyuma ya hosteli za wanafunzi. Wananiita Madam. Wanafunzi huniletea vispika vyao vya Bluetooth vilivyozimika, na mimi huwaambia waende wavizike. Baadhi hucheka, wakidhani natania.

Kazi ninayoiheshimu ni moja tu, na ni amplifaya ya valvu. Valvu ni chupa ya glasi isiyo na hewa ndani. Katikati yake kuna kiini kinachowaka, kikizungukwa na wavu mwembamba, halafu nje ya wavu kuna bamba jeusi la chuma. Kiini kikipata moto, umeme huruka kutoka kwake kwenda kwenye bamba, na wavu ndio unaoamua upite kiasi gani. Yote haya yamo kitabuni na hata mwanafunzi mvivu huyakariri. Lisilokaririwa ni mahali valvu itulie wakati hakuna anayeimba: volti ngapi zikae kwenye bamba na miliampea ngapi zipite, ili sauti ikija ikute valvu iko tayari. Ukiiacha ipoe mno, kwaya ikinong'ona sauti itakwaruza kama mtu anayeburuta kiti. Ukiizidishia joto, itaimba vizuri ajabu, halafu bamba litageuka jekundu na utakuwa umeua kitu ambacho hukukitengeneza.

Mahali hapo huchaguliwa kwa karatasi, rula na penseli, halafu kwa mita. Lakini siku hizi kila mtu anapachagua kwa simu. Mwanafunzi wangu mmoja alinijia na programu inayokuuliza aina ya valvu kisha inakupa jibu kabla hujafunika kalamu. Nikamuuliza hilo jibu linajua chochote kuhusu stima ya hapa. Akatazama simu yake kana kwamba itamtetea. Mitandaoni nako wako watu ambao hawajawahi kushika chuma cha kulehemu, nao hubishana mwezi mzima kuhusu miliampea mbili. Niliwadharau wote, na ninawataja mapema ili ijulikane mimi ni mtu wa namna gani, kwa sababu baba yangu nilimwingiza katika kundi hilohilo.

Baba alikuwa mkulima wa kahawa upande wa Kanyakine, na redio alijifunza mwenyewe kwa kuzibomoa. Kanisa letu la kijijini lilipopata stima aliliundia amplifaya. Sanduku lake alilikunja kwa bati nene, transfoma aliitoa kwenye mtambo wa sinema uliotupwa, na valvu mbili za kutolea sauti alizisafirisha kutoka Nairobi zimeviringishwa ndani ya sweta. Kwa miaka yote aliyoimba katika kwaya, sauti yake ilipita humo. Alipofariki, kanisa likanunua sanduku jeusi la wati elfu kadhaa na kuitupa kazi yake stoo. Mama akaenda kuichukua. Akaiweka sebuleni, juu ya meza ndogo, akaifunika kwa kitambaa alichokishona kwa mkono, na hapo ikakaa kama picha ya harusi.

Kisha mtu akapata kaseti. Kanisa lilikuwa linajiandaa kwa Jumapili ya kuwakumbuka wanakwaya wa zamani, na katika droo fulani ikaonekana kaseti iliyorekodiwa humo kanisani, na katika wimbo mmoja baba anaimba ubeti wa tatu peke yake. Mama aliambiwa asubuhi. Jioni akanipigia simu. Sikio lake la kushoto lilikuwa limeshakufa na la kulia lilikuwa njiani kulifuata, na daktari alikuwa amemwambia asitarajie muda mrefu.

Akaniambia, "Nataka nimskie na redio yake. Si na ile sanduku ya vijana. Mara moja tu, kabla hii sikio haijaenda."

Mama hajawahi kuniomba kitu. Nikamwambia atamsikia kama yuko naye chumbani.

Kamati ya kanisa iliniita kwanza, maana hakuna kinachofanyika kanisani bila kamati. Walikuwa watu watano mezani na thermos ya chai. Mwenyekiti aliuliza kama amplifaya hiyo ina Bluetooth. Mwingine aliuliza kwa nini iwe na taa ndani, haitachoma kanisa. Mtu wao wa sauti, mwanamume wa miaka thelathini na kitu anayejiita injinia kwa sababu anajua kubonyeza vitufe vya mikisa, ule mtambo wa kuchanganyia sauti, alisema kwa upole kwamba ataacha sanduku lake likiwa limewashwa kando, waya tayari, ikiwa litahitajika. Nilimwambia halitahitajika. Nilimwambia kwa sauti ambayo sasa nisingependa kuisikia kwenye kaseti.

Nilikwenda Alhamisi. Ningeweza kuchukua amplifaya hadi karakana yangu Nchiru, lakini fundi mjinga ndiye anayepima kitu mahali kisipofanyia kazi. Mimi nilitaka kuipima palepale kanisani, kwenye soketi ileile itakayotumika, kwa stima ileile. Nilijivunia jambo hilo njia nzima.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Akasema, "Si ungengoja Jumapili asubuhi, tuende mapema mimi na wewe?"

Nikamjibu kwamba Jumapili ni ya kuimba, na kwamba kazi ikifanywa vizuri Alhamisi haina haja ya kurudiwa. Akaniangalia kidogo, akarudi kwa kuku wake. Nilifikiri anataka tu kuandamana nami. Mama aliishia darasa la nne, na kwa hesabu yangu ya wakati huo alijua migomba, kuku na siku ya kumpandisha ng'ombe.

Kanisa letu liko mlimani kidogo, na chini yake, ng'ambo ya barabara, kuna mashine ya kusaga. Ilikuwa ikinguruma tangu nilipofika. Kando yake fundi wa kuchomelea alikuwa akitengeneza geti, na kila alipogusa chuma taa ya kanisa ilinywea. Nilipima soketi: volti mia mbili na sita, badala ya mia mbili arobaini. Nikawalaani watu wa stima. Nimekulia katika nyumba hizi, taa zetu zimekuwa za rangi ya chai tangu zilipowekwa, na kila mtu anajua stima ya kwetu ni dhaifu. Sikulifikiria tena.

Nilipoipindua amplifaya nilikuta chini ya bati kipande cha tepu ya karatasi, kimebandikwa karibu na skrubu ya kurekebishia valvu. Kimeandikwa kwa penseli: 38. Hiyo tatu haikuwa na kosa. Ila hiyo nane ilinichekesha. Ilikuwa viduara viwili vilivyowekwa kimoja juu ya kingine, kama nane ya mtoto wa darasa la kwanza. Nikapima. Mita yangu, ambayo hupelekwa kukaguliwa kila mwaka, ilisema ishirini na nane.

Miliampea ishirini na nane. Valvu za namna ile, kwa volti zile, hupumzika vizuri kwenye hamsini na zaidi. Baba alikuwa ameziweka baridi kupita kiasi, halafu hata idadi aliyoiandika haikuwa ya kweli. Nilijua sababu. Alitumia mita ya sindano, ya zamani, iliyokaa kabatini kwetu ndani ya soksi, na nikajiambia sindano ililegea naye hakuwa na njia ya kujua. Nilisikitika kidogo. Halafu dharau ikaja juu ya sikitiko, kama ilivyo kawaida yangu. Mkulima aliyeogopa kuchoma valvu zake, nikasema moyoni. Miaka yote hiyo kanisa lilimsikia kupitia valvu zenye usingizi, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kusikia kitu kizuri zaidi.

Nilichora mstari wangu kwa rula. Nikachagua mahali. Nikageuza ile skrubu polepole mpaka mita ikasoma hamsini na sita, nikazidisha na volti za bamba, nikapata wati ishirini na moja na kidogo kwa kila valvu, na valvu hizo hustahimili ishirini na tano. Nafasi ilikuwepo. Nikapiga kaseti nyingine kujaribu, na sauti iliyotoka ilinisimamisha vinyweleo, ingawa kule chini mashine iliendelea kunguruma na kuniharibia ubeti mzuri. Nilimlaani pia mwenye mashine. Kisha nikaibandua tepu ya baba, na kwa kuwa hapakuwa na pipa la taka, nikaitia mfukoni.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Mama alikaa benchi la kwanza, upande ambao sikio lake la kulia lingeelekea kwenye spika, na alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa ambacho sijakiona tangu mazishi. Amplifaya niliiweka juu ya meza nyuma ya mimbari, mgongo ukinielekea mimi peke yangu. Niliiwasha mwanzo wa ibada ipate joto. Mtu wa sauti alikaa kando ya sanduku lake, mikono magotini, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya wengine.

Mchungaji akasoma majina ya waliotangulia. Kisha akaniashiria.

Kwanza ulikuja ukimya, ule ukimya safi ambao masanduku yale meusi hayaujui kwa sababu huwa yanavuma kama nyuki. Halafu kwaya ikaingia, na nilimwona mwenyekiti wa kamati akigeuza kichwa kutafuta waimbaji wako wapi. Nilifurahi kwa ubaya. Ubeti wa kwanza ukaenda wote. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio, amefumba macho.

Katikati ya ubeti wa pili nilisikia harufu ya vumbi linaloungua. Nikatazama nyuma ya amplifaya. Mabamba ya valvu zote mbili, ambayo hupaswa kuwa meusi, yalikuwa yameanza rangi ya chungwa, na lile la kulia tayari lilikuwa jekundu kama koili ya jiko la stima. Fundi akiona hivyo huzima. Hafikirii, mkono huenda wenyewe. Mkono wangu ulikwenda mpaka kwenye swichi na ukakaa hapo. Mistari miwili tu ilikuwa imebaki kabla ya ubeti wa tatu. Niliomba, mimi ambaye huwacheka wanaoombea transfoma, niliomba valvu zivumilie mistari miwili na ubeti mmoja.

Zilivumilia mstari mmoja na nusu. Kukawa na mlio mdogo ndani ya glasi, kisha fyuzi ikaruka, na kwaya ikakatika katikati ya neno.

Kanisa lilinyamaza. Katika ukimya huo nilisikia ng'ombe wa mtu akilia ng'ambo ya mto, mbali sana. Nikajiuliza kwa nini ninamsikia, na jibu likanijia likiwa zima. Mashine ya kusaga haikuwa ikinguruma. Fundi wa geti hakuwa akichomelea. Mwenye mashine alikuwa ameketi mbele yangu, benchi la wazee wa kanisa, amevaa koti. Kijiji kizima kilikuwa kimezima kila kitu kikaja kusali, na stima yote waliyoiacha, ambayo Alhamisi waligawana, ilikuwa imemiminika juu ya valvu za baba yangu. Juu ya kichwa changu taa ya kanisa ilikuwa nyeupe kabisa. Ilikuwa nyeupe tangu asubuhi na sikuitazama.

Mtu wa sauti alikuwa amesimama kando yangu. Hakuonyesha kufurahi, na hilo lilinichoma zaidi.

Akaninong'oneza, "Madam, niweke kwa hii ingine?"

Niliitikia kwa kichwa. Alirudisha kaseti nyuma kidogo, akachomeka waya mmoja, na ubeti wa tatu ukatoka kwenye sanduku jeusi. Ulikuwa mwembamba na mkali, puani tupu, bila kifua. Ulikuwa wa baba lakini kwa mbali, kama mtu anayekuita kupitia bati. Watu walipiga makofi. Mama alifumbua macho mtu wa sauti alipokuwa akichomeka waya, na hakuyafumba tena. Alishusha kiganja kutoka sikioni, akakiweka mapajani, akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, jinsi anavyosikiliza matangazo ya kamati.

Niliona aibu ambayo sina neno lake. Nimewaaibisha watu wengi maishani na nilidhani naijua.

Tulirudi nyumbani. Nilibeba amplifaya kifuani, ikiwa bado na joto. Mama alichemsha chai, akaniwekea na nduma, na mimi nikaanza kumweleza, kwa maneno ya kitaalamu, kwamba volti zilipanda, kwamba mashine ilikuwa imefungwa, kwamba mtu hangeweza kujua.

"Jumapili hufungwa," akasema mama. "Ndiyo maana sisi tulikuwa tunapima Jumapili."

Nikamuuliza sisi nani.

"Mimi na baba yako. Kabla watu hawajafika. Yeye anashika zile waya mbili, anasoma, mimi naandika, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na kazi." Akanywa chai. "Siku ya mashine hakuwa anaigusa. Alikuwa anasema stima ya siku ya mashine ni ya uongo."

Aliyasema bila ukali, akimenya nduma. Ningependa angenigombeza. Nilikwenda kabatini, nikaitoa mita ya sindano ndani ya soksi yake, nikaleta na yangu. Bado ilikuwa Jumapili na mashine bado ilikuwa kimya, na nyumba yetu na kanisa hula kwenye transfoma moja ya nguzoni. Nilichomeka mita zote mbili kwenye soketi ya sebuleni. Yangu ikaandika mia mbili arobaini na nane. Sindano ya baba ikainuka bila haraka, ikapita mia mbili arobaini, ikasimama chini kidogo ya mia mbili hamsini, na nilipoinama kuitazama moja kwa moja ilikuwa mahali palepale. Haikuwa imelegea hata kidogo, na thelathini na nane yake ilikuwa ya stima ya Jumapili.

Mama akauliza ni ngapi. Macho yake hayasomi tena mita. Nikamwambia.

"Ilikuwa hiyo hiyo," akasema. Kisha akanyoosha mkono kwenye kalenda ukutani, ile anayoandikia siku za ng'ombe na ambayo nimepita mbele yake maisha yangu yote, akachukua penseli iliyofungwa kwa uzi, na kwa mazoea ya zamani akaandika: 248.

Aliiandika nane kwa viduara viwili, kimoja juu ya kingine. Tepu ilikuwa bado mfukoni mwangu.